Mgeni alielewa saa sita, basi liliondoka alfajiri: naomba kueleweshwa maneno ya Kiingereza ya safari

MkataTiketi_Moshi aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni kijana ninayekata tiketi katika ofisi ndogo ya mabasi ya mikoani hapa stendi ya Moshi, na wengi wa abiria wetu wageni ni watalii walioteremka Mlima Kilimanjaro ambao wanataka kwenda Tanga, au Dar es Salaam ili wavuke kwenda Unguja. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nacho kwa kawaida kinanitosha, lakini wiki mbili zilizopita kiliniangusha kwa namna ambayo mpaka leo inaniuma.

Wageni wawili, mume na mke wa makamo, waliniandikia ujumbe wakitaka kujua basi la kwenda Dar es Salaam linaondoka lini. Niliwajibu hivi, na ujumbe wenyewe bado ninao kwenye simu: "Your car will go at 12 o'clock. Reach early. Come with transport for two people." Kichwani mwangu nilikuwa nimesema kwamba gari lao linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, wawahi kufika, na waje na nauli ya watu wawili. Wao walitokea saa tano na nusu, jua limekwisha kuwa kali, wakaketi juu ya mabegi yao mbele ya ofisi huku wakitazama kila teksi inayoingia stendi, na kumbe basi lao lilikuwa limekwisha kuipita Korogwe. Waliniuliza gari lao dogo liko wapi, kisha wakaniuliza kwa nini nimewaambia waje na usafiri ilhali usafiri ndio waliokuja kuununua kwangu. Yule mama hakunifokea. Alinipa simu yake akaniomba niusome ujumbe wangu kwa sauti, na nilipofika kwenye saa nikaelewa mwenyewe nilichofanya. Niliwatafutia nafasi ya kesho yake, lakini chumba walichokwisha kulipia Dar es Salaam kwa usiku ule kilipotea.

Ninaomba mnielekeze maneno haya ya kila siku ya safari, si kwa ajili ya mtihani bali kwa ajili ya dirisha langu la tiketi. Je, gari ni "car" au siyo? Safari ni "travel", "journey" au "trip"? Abiria yumo "in the bus" au yuko "on the bus"? Na nauli niiiteje?

MwalimuWaPangani alijibu:

Pole sana, kijana wangu. Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari za mkoa wa Tanga kwa miaka mingi, na ninaweza kukuambia kwamba kosa lako halikutokana na uvivu wala ujinga. Lilitokana na jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka: maneno yetu ya safari ni mapana, na ya Kiingereza yamekatwa vipande vidogo vidogo, kwa hiyo anayebadilisha neno kwa neno huchukua kipande kimoja na kuviacha vingine.

Tuanze na gari, kwa kuwa ndilo lililowakalisha wageni wako juani. Kwetu basi ni gari, lori ni gari, teksi ni gari, na hata treni wazee waliiita garimoshi. "Car" ya Kiingereza ni ile ndogo tu, anayopanda mtu na familia yake. Neno linalobeba magari yote ni "vehicle", lakini hilo ni neno la askari wa barabarani na la karatasi za bima, na huwezi kumwambia abiria "your vehicle is ready" bila kumfanya ajione yuko kituo cha polisi. Dawa ni kukitaja chombo chenyewe kwa jina lake: "your bus". Waingereza huliita basi la safari ndefu "coach", nawe ukiwaambia hivyo watakuelewa vizuri.

Safari nayo ina mambo. "Travel" ni kule kusafiri kwa jumla, na likiwa jina halihesabiki, kwa hiyo usiseme kamwe "a travel" wala "my travel was good". "Journey" ni mwendo wenyewe kutoka hapa hadi pale, hasa ukiwa mrefu, na ndilo neno la kumuulizia mtu aliyetoka kushuka kwenye basi baada ya mwendo wa saa kumi. "Trip" ni safari nzima pamoja na shughuli iliyompeleka mtu na kurudi kwake: mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo amefanya "a business trip". "Voyage" iachie meli na vyombo vya angani. Halafu kuna "safari" yenyewe, neno letu tulilolipata kutoka Kiarabu na ambalo Waingereza walilichukua kwetu, lakini kwao limebanwa likabaki na maana ya kwenda porini kuona wanyama au kuwinda. Ukimwambia mgeni kwamba bosi wako yuko "on safari", atamwona Serengeti na darubini shingoni, hata kama bosi amekwenda Singida kuzika.

Kuhusu "in" na "on", wanafunzi wangu huishika haraka kanuni moja isiyo ya vitabuni. Chombo ambacho ndani yake unaweza kusimama na kutembea, yaani basi, treni, ndege na meli, hutumia "on", na kupanda ni "get on", kushuka ni "get off". Chombo unachoingia kwa kuinama na kukaa papo hapo, kama gari dogo, teksi au mtumbwi, hutumia "in", na hapo ni "get in" na "get out". Pikipiki, baiskeli na farasi, kwa kuwa unakaa juu yake, hurudi kwenye "on". Usitumie "climb" kwa sababu tu Kiswahili kinasema kupanda. Anayefanya "climb the bus" ni yule anayefunga mizigo kwenye keria. Ukitaja njia ya usafiri kwa jumla, ni "by bus", "by train", bila "a" wala "the" wala jina la mwenye chombo. Likiingia jina la mwenye chombo au saa yake, "by" inaondoka: "in my brother's car", "on the six o'clock bus". Kwa miguu ni "on foot".

Nauli ni "fare", na ninakusihi ulishike neno hili kuliko yote. Ni neno la kale lililotokana na kitenzi cha Kiingereza cha zamani chenye maana ya kwenda, na ndilo lililomo ndani ya "farewell", ile kwaheri yao. "Fee" ni malipo ya huduma au ruhusa, kama karo ya shule, malipo ya wakili au kiingilio cha hifadhi. "Toll" ni tozo ya kupita, kama ile inayolipwa katika Daraja la Nyerere pale Kigamboni. "Transport" si pesa. Sisi tumezoea kusema "I have no transport" tukimaanisha hatuna nauli, na sisi kwa sisi tunaelewana, lakini mgeni anasikia kwamba huna chombo cha kukufikisha.

Saa ndiyo iliyokuumiza zaidi, nayo haihitaji maneno mengi. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, wao wanahesabu tangu usiku wa manane, na tofauti ni saa sita. Andika kwa tarakimu, "6:00 a.m.", na usiishie hapo, bali ongeza "early in the morning". Saa zao za 12 huwachanganya hata wenyewe, ndiyo maana wana "noon" kwa saa sita mchana na "midnight" kwa saa sita usiku.

Dereva_Likoni alijibu:

Ninamheshimu Mwalimu na nimejifunza kwake, lakini ninataka kuongezea upande wetu wa Mombasa, ambako niliendesha magari ya watalii kwa miaka kumi na minane kati ya uwanja wa ndege, Diani na Tsavo. Kenya tuna Kiingereza chetu cha barabarani, nacho si makosa. Kituo cha matatu ni "stage", na kila Mkenya, awe profesa au mchuuzi, husema hivyo. Kushuka tunasema "alight", na dereva wa matatu anaposikia "I'm alighting at the next stage" anapunguza mwendo bila kuuliza. Sioni kwa nini tuone haya kwa lugha inayofanya kazi yake.

Shida huja pale anayesikiliza si wa kwetu. Niliwahi kumwambia bibi mmoja wa Kiingereza kwamba nitamwacha "at the stage" karibu na hoteli yake, naye akaniuliza kwa upole ni ngoma gani inayochezwa pale jioni ile, kwa sababu kwao "stage" ni jukwaa la maonyesho. Tangu siku ile, nikiwa na mgeni ninasema "bus stop", na kwa stendi kubwa ninasema "bus station". "Alight" nayo Waingereza wanaijua, ila wanaisikia zaidi katika matangazo ya stesheni na hawaitumii kwa mazungumzo, na neno hilo hilo lina maana nyingine ya kuwaka moto. Ukisema "the bus is alight" ukitaka kueleza kwamba watu wanashuka, umetangaza kwamba basi linaungua, na abiria wanaweza kutokea madirishani.

Kuna mengine mawili ninayoyasikia kila siku pwani. La kwanza ni "I will pick you at the airport". "Pick" peke yake ni kuchagua, au kuchuma kama mtu anavyochuma embe. Kumpitia mtu na kumpakia ni "pick you up", na hicho kijineno "up" usikiache nyumbani. Kumshusha ni "drop you off". La pili ni kusindikiza. Sisi hatumwachi mgeni aondoke peke yake, tunamtoa mpaka barabarani, na wengi husema "let me escort you". Katika Kiingereza cha wageni neno hilo linanuka ulinzi wa askari, na kwa wengine linanuka biashara ya wanawake, kwa hiyo kijana akimwambia mtalii wa kike maneno hayo usiku atashangaa kumwona akikimbia. Sema "let me walk you to the bus stop". Kumsindikiza mtu hadi chombo kiondoke ni "see you off".

BuziBandarini_Kahama alijibu:

Kwa heshima zote, ninaona mnamtisha kijana. Wageni wanaelewa hata Kiingereza kilichovunjika, mradi umeonyesha kwa kidole na kuandika bei. Mambo ya "in" na "on" ni ya darasani. Kosa lake lilikuwa saa tu.

ZamuYaUsiku alijibu:

Ndugu wa Kahama, ninakubali kwamba katika dirisha la tiketi "in the bus" haijawahi kumuua mtu. Lakini kwa kuwa ninafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, siwezi kuviita vijineno hivi vya darasani. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ukungu ukiwa umetanda, rubani msaidizi wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alitamka kwenye redio maneno yaliyosikika kama "we are now at takeoff". Mwongozaji wa ndege aliyekuwa mnarani alielewa kwamba ndege imesimama mahali pa kuanzia kuruka, inasubiri. Kumbe ndege ilikuwa imekwisha kushika mbio, na mbele yake, kwenye barabara ile ile ya kurukia, ilikuwapo ndege ya Pan Am, shirika la Marekani. Walikufa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo ukungu na mawimbi ya redio yaliyogongana, lakini wataalamu wa lugha wameitazama sana hiyo "at", na wapo wanaosema kwamba Mholanzi yule alibeba muundo wa lugha yake akauingiza katika Kiingereza, jambo ambalo ndilo tunalolizungumza hapa. Baada ya ajali ile neno "take-off" lilifungiwa: hutamkwa tu wakati wa kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka, na mahali pengine pote husemwa "departure".

MamaWawili_Leeds alijibu:

Nimeishi Uingereza miaka kumi na mmoja, na kabla ya hapo nilikaa kwa dada yangu Minnesota, Marekani, kwa hiyo nina la kumwongezea kijana, na moja la kumsahihisha Mwalimu kwa adabu zote.

"Coach" ina mtego. Hapa Leeds ni kweli ni basi la safari ndefu, lakini Mmarekani akisikia "coach" anafikiria kwanza daraja la kawaida ndani ya ndege, lile la viti vya bei ya chini. Kwa kuwa stendi ya Moshi inapokea wote wawili, ninashauri abaki na "bus", ambayo haina ugomvi na yeyote. Vivyo hivyo tiketi ya kwenda na kurudi: Mwingereza anaomba "a return", Mmarekani anaomba "a round trip". Ya kwenda tu ni "a single" kwa Mwingereza, lakini "one-way" inaeleweka pande zote, kwa hiyo itumie hiyo. "Subway" ya Marekani ni treni ya chini ya ardhi. Ya Uingereza ni njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara, na wiki yangu ya kwanza hapa nilishuka ngazi nikakuta vijana wanacheza skuta, nikasimama nikingoja treni. "Pavement" hapa ni njia ya pembeni ya watu wa miguu, na Marekani ni lami yenyewe, jambo ambalo ni hatari ukimwelekeza mtoto mahali pa kutembea.

Neno jingine linalotufichua Waswahili popote tulipo ni "reach". Tunapiga simu tunauliza "Have you reached?", kwa sababu Kiswahili kinaruhusu kusema umefika, basi. "Reach" inadai kutajiwa mahali: "reach home", "reach Moshi". Bila mahali sema "arrive", na kwa mji au nchi ni "arrive in", kwa stendi au ofisi ni "arrive at", wala si "arrive to". Kwa hiyo "Reach early" ya kijana ilikuwa ikining'inia hewani.

Na mkielekeza njia, kumbukeni kipilefti. Ni neno zuri, limezaliwa na kibao cha "keep left" likaingia katika ngeli ya ki- na vi- kana kwamba lilikuwa la kwetu tangu zamani, nami ninalipenda. Lakini haliwezi kurudi kwa Waingereza likiwa na maana hiyo. Mume wangu alimwambia mtu hapa "turn right at the keep left", na mtu yule akabaki ameduwaa akijiuliza ashike kulia au kushoto. Hapa ni "roundabout", Marekani wengi husema "traffic circle".

Nimalizie na hili linalonigusa zaidi. Mgeni akishuka kwenye basi, mdomo wetu unataka kumpa pole na safari. Msiseme "sorry for the journey", kwa kuwa atadhani kuna ubaya uliotendeka njiani na mnauomba radhi. Kiingereza hakina pole hii. Kilicho karibu nayo ni "How was your journey?" ikifuatiwa na "You must be tired", mkisema kwa sauti ile ile ambayo mngetolea pole. Kwa safari njema, "Have a safe journey" inatosha.

MkataTiketi_Moshi alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na shikamooni wakubwa zangu wote. Nimeyasoma majibu haya mara tatu, na leo mchana nimekaa nikaandika upya ujumbe ninaotaka kuwatumia wageni wote, ili nisiwe ninatunga mpya kila siku kwa haraka. Naomba mnikosoe kabla sijaubandika pia dirishani:

"Your bus to Dar es Salaam leaves at 6:00 a.m., early in the morning. Please arrive at the office at 5:30 a.m. The fare is one-way, for one person. The bus stops in Korogwe and you can get off to eat. Have a safe journey."

Pia tiketi zetu zimechapishwa "Reporting time". Je, niiache?

MwalimuWaPangani alijibu:

Marahaba, mwanangu. Ujumbe huu ningeupa alama zote, isipokuwa vitu viwili. Andika "be at the office by 5:30 a.m.", kwa sababu "at" inamwambia aje saa hiyo hasa, na "by" inamwambia asichelewe kuipita, nawe unataka hili la pili. Halafu, katika sentensi ya nauli, kitaje kiasi chenyewe kwa shilingi, maana umesema nauli ni ya nini bila kusema ni ngapi, na mgeni atakuja na dola mkononi. "Reporting time" inaeleweka, ingawa inanukia zamu ya kazini. "Check-in time" ndiyo waliyoizoea, na mkichapisha vitabu vipya vya tiketi mwombe bosi wako abadilishe.

Dada wa Leeds, la "coach" nimelipokea, na Jumatatu nitalirekebisha mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu ambao nimekwisha kuwafundisha nusu yake.

MamaWawili_Leeds alijibu:

Ahsante, Mwalimu. Kijana, ongeza rangi ya basi na namba yake ya usajili. Mgeni anayesimama stendi kwenye giza la alfajiri, mabasi matano yakiunguruma kwa pamoja na wapiga debe wakimvuta kila mmoja upande wake, atatafuta kwanza rangi uliyomwandikia.